Tope Lililokwisha Kutibu: Namna ya Kulipima na Kulitumia Tena

Mgeni amemaliza tiba yake, ameoga, amevaa, amekwenda zake. Kitandani na ndani ya ndoo limebaki tope. Asubuhi lilikuwa dawa, jioni limekuwa mzigo: zito, limeloa, linaanza kunuka, na mfanyakazi anauliza alimwage wapi. Ikiwa unaendesha spa au saluni inayowapaka wateja tope, ikiwa unafanya kazi kwenye hoteli yenye huduma hiyo, au ikiwa wewe ni mkulima uliyepewa ofa ya kuletewa tope la bure shambani, makala haya yameandikwa kwa ajili yako. Huhitaji kuwa umesoma kemia. Unahitaji ndoo, daftari na uvumilivu kidogo.

Huenda ukauliza: tope kidogo la saluni lina uzito gani hata lipimwe? Tupige hesabu. Tuseme kila mteja anatumia kilo 10, na kwa wiki unapata wateja 20. Hizo ni kilo 200 kwa wiki, na mwaka ukiisha umetoa zaidi ya tani 10, yaani lori zima. Lori zima la udongo usioujua, likitoka mlangoni pako kidogo kidogo, haliwezi kupita bila kuacha alama mahali fulani.

Sasa tope lenyewe ni nini? Wataalamu huliita peloidi, maana yake udongo au mashapo ya asili yanayochanganywa na maji ya madini au ya bahari kwa ajili ya kutibu, hasa maumivu ya viungo na misuli. Si tope la aina moja. Huko Abano, kaskazini mwa Italia, hutumia udongo wa mfinyanzi uliolowekwa kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini. Poland na Ujerumani hutumia piti, udongo mweusi wa mabwawa ya nchi za baridi uliotokana na mimea iliyooza nusu nusu kwa maelfu ya miaka. Techirghiol nchini Romania na Haapsalu nchini Estonia wana tope jeusi lenye salfa, lililotulia chini ya maji ya chumvi na kunuka kama yai viza. Tope la Bahari ya Chumvi, linalouzwa duniani kote kwenye vifurushi, limejaa chumvi kupita kiasi, kwa sababu maji ya bahari hiyo yana chumvi takriban mara 10 ya bahari ya kawaida. Nakuomba ulijue lako ni lipi kati ya hayo kabla ya kuendelea, kwa sababu kila aina ina hatari yake na ina matumizi yake. Kama pakiti haisemi, muulize muuzaji.

Tope likishapakwa mwilini huongezekewa na vitu ambavyo hapo awali halikuwa navyo: jasho, ngozi iliyokufa, nywele, mafuta ya kujipaka, manukato, na vijidudu vya ngozi. Tope lenye vuguvugu na unyevu ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaana. Kuna na vile vilivyokuwamo tangu mwanzo. Udongo wa maeneo ya volkano na chemchemi za moto unaweza kubeba aseniki, risasi, zebaki au kadimi. Hizo huitwa metali nzito. Zikizidi ni sumu, na haziozi wala hazipotei kwa kuchomwa na jua. Ndiyo maana kuliangalia tope kwa macho hakutoshi.

Kwanza, usimwage wapi? Usimwage kwenye sinki wala kwenye bomba la bafuni. Mfinyanzi hutulia chini ya bomba, hukauka, na fundi akija hulazimika kufumua sakafu. Usimwage kwenye shimo la maji taka pia, kwa sababu hujaza shimo upesi na kuziba kuta ambazo maji yanapaswa kunywea. Mtoni na ufukweni ni marufuku kabisa: tope hutia maji ukungu, hufunika mazalia ya samaki na matumbawe, na sheria za mazingira za nchi zetu zinalihesabu kama uchafuzi. Watu wengi wa hoteli za pwani hudhani kwamba tope lililotoka baharini linaweza kurudi baharini bila shida. Haliwezi, kwa sababu sasa lina mafuta, manukato na vijidudu vya watu, na mara nyingi limetoka bahari ya mbali kabisa na ile iliyo mbele yako.

Swali la pili ndilo linalouma mfuko: je, ninaweza kumpaka mteja wa pili tope lile lile? Jibu langu ni hapana, na nalisema bila kupepesa macho. Najua bei ya pakiti inauma, na najua wapo wanaolichemsha kidogo na kulitumia tena. Kuchemsha nusu nusu hakuondoi mafuta wala nywele, na ukilipoza kwenye ndoo chafu vijidudu hurudi. Kiwango cha kimataifa cha vipodozi, ISO 17516 cha mwaka 2014, kinataka gramu moja ya bidhaa isizidi vijidudu hai 1,000, na kisipatikane hata kimoja cha aina nne: Escherichia coli kinachotoka kwenye kinyesi, Staphylococcus aureus kinachotunga usaha kwenye vidonda, Pseudomonas aeruginosa kinachopenda maji machafu, na fangasi wa Candida albicans. Ni kweli kwamba kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya vipodozi, lakini ngozi inayopakwa ni ile ile, kwa hiyo ni kipimo cha haki.

Hata hivyo kuna mahali ambapo tope hurudi kazini, na inafaa ujue linavyorudi. Huko Abano, mfinyanzi unaochimbwa kwenye maziwa madogo ya vilima vya Euganei hulazwa kwenye matangi, na juu yake hupitishwa maji ya moto, ambayo chini ardhini hufika nyuzi joto 87. Kwa takriban miezi miwili mwani mdogo sana na bakteria wa maji ya moto huota juu ya tope, na wataalamu wa huko wanaamini mafuta yanayotengenezwa na viumbe hao ndiyo yanayopunguza uvimbe. Kwa desturi, tope lililotumika hurudishwa kwenye matangi hayo na kuanza safari upya. Angalia masharti yaliyopo: maji ya moto yasiyokatika, matangi ya kutosha, muda mrefu, na maabara inayopima. Saluni yenye vyumba viwili haina hata kimoja kati ya hivyo. Kama huna, usiige.

Basi tuanze kazi. Siku ya kwanza nunua ndoo mbili zenye mifuniko, za rangi tofauti, uziandike. Moja ni ya tope la wateja wasio na tatizo la ngozi. Nyingine ni ya tope lililogusa kidonda, upele, fangasi au damu. Poland, nchi yenye vituo vingi vya tiba ya piti, imeweka nambari mbili tofauti kwenye orodha yake ya taka kwa mabaki ya bafu za tiba: moja kwa yale yanayoweza kuambukiza, nyingine kwa yaliyobaki. Wewe fanya hivyo hivyo kwa ndoo zako. Tope la ndoo ya pili halirudi bustanini wala popote. Ni taka ya hospitali, na liende na taka za kliniki kwa mkusanyaji mwenye kibali. Ukiwauliza wateja kuhusu ngozi zao kabla ya kuwapaka, kama unavyopaswa kufanya kwa usalama wao, ndoo hiyo itakuwa nyepesi mno na gharama yake ndogo. Na kabla ya tiba, mwombe kila mteja aoge na kuondoa losheni mwilini. Mafuta yasiyoingia kwenye tope huna haja ya kuyatoa.

Ndoo ya kwanza mwagia kwenye kitanda cha kukaushia. Kitanda hiki ni sehemu ya sakafu ya saruji yenye ukingo wa tofali moja, au turubai nene lililotandazwa mahali palipoinuka, na juu kuna paa la bati au plastiki la kuzuia mvua. Tandaza tope lisizidi unene wa kiganja kilichosimama kwa upana. Lipindue kwa koleo kila baada ya siku mbili tatu. Mfanyakazi avae glavu za mpira na buti, na mwenye jeraha mkononi asiguse. Kukausha ndiko kunakokuokoa kwenye gharama kuliko kitu kingine: tope likiwa nusu yake ni maji, zile tani 10 za mwaka zinakuwa tani 5, na usafiri utaulipia nusu.

Hapa nawaonya wenye tope jeusi linalonuka yai viza. Harufu ile ni gesi yenye salfa, na ndani ya tangi au chumba kilichofungwa inaweza kumwangusha mtu na kumuua. Likaushiwe nje penye upepo, na mtu asiingie kabisa kwenye tangi la tope hilo. Tena likipata hewa, salfa iliyomo huungana na oksijeni na kutengeneza asidi. Wavuvi na wafugaji wa samaki wa pwani yetu wanaweza kuiona hali hiyo kwenye udongo wa mikoko: ukichimbwa na kuachwa ukauke, maji yake hugeuka makali, samaki hufa na mimea haioti. Tope la Techirghiol au Haapsalu lingefanya vivyo hivyo kwenye bustani yako. Kwa hiyo mwenye tope la namna hii apime uchachu mara mbili, likiwa bichi na tena baada ya wiki kadhaa za kukauka.

Vipimo vya nyumbani havigharimu sana, na vinakuchuja mapema. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia tope theluthi moja, jaza maji, tikisa kwa nguvu, uiache itulie hadi kesho yake. Mchanga hutua chini kwanza, juu yake tifutifu laini, juu kabisa mfinyanzi; piti huelea au hufanya tabaka jeusi. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, bado kuna losheni. Kisha chovya karatasi ya kupimia uchachu, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mabwawa ya kuogelea na ya vifaa vya maabara. Namba 7 ni katikati, chini ya hapo ni uchachu, juu yake ni hali ya magadi. Mboga nyingi hupenda kati ya 6 na 7. Piti huwa chini sana, mara nyingi 4 au 5.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha mchicha. Tafuta makopo matatu. La kwanza litie udongo wa bustani mtupu. La pili changanya sehemu moja ya tope kavu na sehemu tatu za udongo. La tatu nusu kwa nusu. Panda mbegu 20 za mchicha kila kopo, mwagilia sawa, subiri wiki mbili. Hesabu zilizoota, tazama rangi ya majani, ng'oa uone mizizi. Mimea ya kopo la pili ikilingana na ya kopo la kwanza, una matumaini. Ikiwa imenyauka au ncha za majani zimeungua, tope lako lina chumvi au asidi, na umelijua jambo hilo kwa bei ya pakiti ya mbegu.

Mchicha hauwezi kukuambia habari za risasi na zebaki, ndiyo sababu bado utahitaji maabara. Ubora wa jibu unategemea namna ulivyochukua sampuli, yaani kipande cha kupimwa. Usichote mahali pamoja. Chota kijiko kikubwa cha plastiki sehemu 10 hadi 15 za kitanda, juu na chini, uchanganye kwenye beseni safi la plastiki. Tandaza mchanganyiko, ugawe robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia mpaka ubaki na kama kilo moja. Usitumie koleo la chuma, kwa sababu chuma chenyewe kinaweza kuongeza metali kwenye sampuli. Tia kwenye mfuko safi, andika tarehe, mahali, aina ya tope na jina la aliyechota. Sampuli ya vijidudu ni tofauti: iombe maabara chupa iliyotakaswa, chota tope bichi ambalo halijakaushwa, weka kwenye kasha lenye barafu, na uifikishe ndani ya saa 24.

Upeleke wapi? Tanzania Bara, udongo hupimwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, na kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Metali na kemikali hupimwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya kuna maabara za utafiti wa kilimo za KALRO Kabete, Nairobi. Uganda kuna maabara za utafiti wa kilimo za Kawanda. Kama tope lako limetoka kwenye chemchemi ya moto au eneo la volkano, ulizia na kipimo cha mionzi; kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomu. Maabara hutoza kwa kila kipimo, kwa hiyo omba orodha ya bei kwa maandishi kabla ya kupeleka kitu. Uchachu na chumvi ndivyo vya bei ya chini, vijidudu hufuata, metali nzito ndizo ghali. Anza na vya bei ndogo: tope likishindwa kwenye chumvi, huna sababu ya kulipia metali kwa ajili ya bustani. Na kama spa tatu za mtaa mmoja zinanunua tope la shehena moja, mnaweza kuchangia kipimo kimoja cha metali, maana metali zimetoka na udongo wenyewe. Kipimo cha vijidudu hakichangiwi, kwa kuwa kila nyumba ina usafi wake.

Karatasi ya majibu ikirudi, usiogope namba. Tazama chumvi kwanza. Wataalamu wa kilimo huhesabu udongo kuwa wa chumvi pale kipimo cha umeme cha maji yaliyokamuliwa humo kinapozidi desisimensi 4 kwa mita. Kisha metali, zinazoandikwa kwa miligramu katika kila kilo ya udongo mkavu. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1986 kuhusu tope la maji taka shambani liliweka mipaka ya udongo wa kilimo: kadimi 1 hadi 3, risasi 50 hadi 300, zebaki 1 hadi 1.5, nikeli 30 hadi 75, shaba 50 hadi 140, zinki 150 hadi 300. Tope lako likiwa chini ya namba ndogo katika kila jozi, halitaudhuru udongo unaolipokea. Likiwa katikati, litumike kwa maua na miti ya kivuli, mbali na mboga. Likizidi namba kubwa, bustani imefungwa. Aseniki haimo kwenye orodha hiyo; omba ipimwe peke yake. Pia kumbuka kwamba uchachu huziyeyusha metali na kuzipeleka kwenye mizizi, kwa hiyo tope lenye uchachu litiwe chokaa ya kilimo kabla ya kufika shambani.

Lililofaulu litumikeje? Njia ninayoipendekeza kwa spa ndogo ni mboji. Mfinyanzi peke yake haupati joto, kwa hiyo chukua sehemu moja ya tope na sehemu nne za majani, samadi na makumbi ya nazi au pumba. Kanuni za Marekani za kuua vijidudu kwenye lundo la wazi zinataka joto la nyuzi 55 kwa siku 15, na lundo lipinduliwe mara tano ndani ya muda huo. Kipimajoto kirefu cha mboji kinakutosha kulifuatilia. Acha lundo lipoe na kukomaa miezi miwili mitatu, kisha rudia kile kipimo cha mchicha. Kwenye udongo wa kichanga wa pwani, usioshika maji, mfinyanzi wa namna hii una faida ya kweli: mvua ikikatika, unyevu hukaa siku nyingi zaidi.

Njia ya pili ni kulirudisha lilikotoka. Piti hukua takriban milimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo mita moja iliyochimbwa ni kazi ya asili ya miaka kama 1,000. Ndiyo maana miji ya tiba ya Ujerumani hurudisha piti iliyotumika kwenye mashimo ilikochimbwa, ikae majini. Kwetu hili linamhusu yule anayechimba mfinyanzi wake mwenyewe jirani: likipita vipimo, ulirudishe shimoni, ulifunike kwa udongo wa juu, upande miti. Hakuna usafiri mrefu wala ada kubwa, na shimo halibaki kuwa mtego wa mbu na watoto.

Njia ya tatu ni matofali. Moto wa tanuri unaozidi nyuzi 900 hauachi kijidudu. Mfinyanzi wa aina ya Abano unafaa. Piti haifai, na tope la chumvi hutoa unga mweupe unaobandua rangi ukutani. Mpe mfyatua tofali ndoo chache ajaribu kwanza, akichanganya sehemu ndogo ya tope na udongo wake wa kawaida. Tope la Bahari ya Chumvi, kwa maoni yangu, halina kazi nyingine huku kwetu isipokuwa kwenda dampo lililoruhusiwa, likiwa limekaushwa ili lisilipiwe maji.

Kabla ya kulitoa nje ya uwanja wako, zungumza na mamlaka zinazosimamia mazingira: NEMC kwa Tanzania Bara, ZEMA kwa Zanzibar, NEMA na serikali ya kaunti kwa Kenya. Nenda na karatasi ya maabara na maelezo ya ukurasa mmoja: tope la aina gani, kiasi gani kwa mwezi, linakwenda wapi. Anayelipokea naye apate nakala. Wewe mkulima unayepewa la bure, usipokee lori bila kuiona karatasi hiyo, hata aliyelileta awe rafiki.

Na wewe mwenye spa, wiki hii fanya mambo mawili ambayo hayakugharimu chochote. Mwandikie muuzaji wako umwombe cheti cha uchambuzi wa tope analokuuzia, chenye metali, chumvi na vijidudu. Kisha fungua daftari, uandike kila jioni kilo zilizotoka kwa kila ndoo. Muuzaji akikataa kutoa cheti, tafuta mwingine.